Bei ya Juma Lililopita: kisa cha tovuti ya chama cha korosho Mtwara

Kisa hiki kilitokea msimu mmoja wa karibuni katika AMCOS (chama cha msingi cha ushirika) moja ya wakulima wa korosho mkoani Mtwara. Nimeondoa jina la chama, vijiji na watu wote, na bei zenyewe sizitaji. Mimi ndiye niliyeitwa kuirekebisha tovuti yao, na ndiye niliyeweka kosa lililokuja kuzua ugomvi ofisini. Nakiandika kwa ajili ya wenzangu wanaotengeneza tovuti za vyama, shule na zahanati huku Kusini, kwa sababu kosa lile ni la mstari mmoja na yeyote anaweza kulifanya kesho.

Chama, msimu na simu za watu

Minada ya korosho hufunguliwa mwezi wa 10. Tangu msimu wa 2007/2008 zao hili linauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka mzigo chama cha msingi, unapimwa, anapewa karatasi yake, mzigo unakwenda ghala kuu, kisha chama kikuu, yaani muungano wa vyama vya msingi, kinaitisha mnada. Toka siku ya mzani hadi siku pesa inaingia benki, mkulima ana karatasi tu mkononi. Ndiyo maana siku ya mnada kila mtu anauliza mambo yale yale matatu: bei ya juu imekuwa ngapi, ya chini ngapi, na makato kwa kilo ni kiasi gani. Asiyepata jibu ofisini atalipata kijiweni, na huko ndiko wanunuzi wa kangomba, yaani wa magendo nje ya mnada, wanakopita na vipimo vyao wakimwambia bei imeanguka, bora auze leo kwa taslimu.

Chama hiki kina wanachama katika vijiji vitatu. Ofisi ni chumba kimoja pembeni ya ghala, yenye kompyuta moja ya mezani na umeme wa kusuasua. Wanachama wengi wenye simu janja wana zile za bei nafuu, nafasi imejaa, bando ni la siku. Wenye kitochi wanamtegemea mtoto au mjukuu awafungulie.

Tovuti ilijengwa mwaka uliotangulia na fundi kutoka Dar es Salaam kwa kutumia WordPress, programu ya kujengea tovuti. Ukiifungua kwenye ile kompyuta ya ofisini inapendeza kweli: picha tano kubwa za mikorosho zinapishana zenyewe juu ya ukurasa, na chini yake kuna sehemu ya matangazo. Baada ya kila mnada karani aliipiga picha karatasi ya bei yenye muhuri wa chama kikuu na kuiweka hapo.

"Haifunguki"

Malalamiko yalikuwa neno moja tu: haifunguki. Siku za mnada simu ya karani ililia toka asubuhi mpaka usiku, watu wakiuliza bei ambayo tayari ilikuwa kwenye tovuti. Wengine walishaanza kusema viongozi wanaificha kwa makusudi.

Mwenyekiti alinipokea na uamuzi mkononi. "Fundi, tumeambiwa seva ndiyo ndogo. Kamati imekubali tulipie kubwa. Wewe tusaidie kuihamisha tu." Seva ni kompyuta inayohifadhi tovuti, na mwenye kumwambia hivyo alikuwa ndiye muuzaji wa hiyo kubwa. Niliomba siku mbili kabla pesa haijatoka.

Siku mbili za kupima

Siku ya kwanza sikugusa kompyuta. Nilikaa kwenye baraza la ghala, nikamwomba mama mmoja aliyekuja na magunia yake anifungulie tovuti kwenye simu yake mwenyewe, kwa bando lake, nami ningemrudishia. Skrini ilikaa nyeupe muda mrefu. Kisha likatokea anga, anga tupu, likashuka polepole kama pazia, kilele cha mkorosho kikaanza kuonekana, pakasimama. Mama akanigeuzia simu: "Hapo ndipo inapokufaga. Nikingoja zaidi bando linakwisha, basi nafunga." Bei ilikuwa chini ya ule mkorosho. Hajawahi kuifikia hata mara moja.

Siku ya pili nikapima kwa laptopu. Njia ni rahisi na haina gharama: fungua tovuti kwa kivinjari cha Chrome, bonyeza F12, nenda sehemu ya Network, weka alama ya kuzima kache (nakala ambazo kivinjari hujitunzia) ili kila kitu kipakuliwe upya, chagua kasi ndogo ya 3G, halafu pakia ukurasa. Chini utaona uzito wote. Wetu ulikuwa MB 18.4. Picha tano za kupishana zilibeba MB 13.4, kila moja ikiwa na upana wa pikseli 4000 kama ilivyotoka kwenye kamera, wakati skrini ya simu ya yule mama ina upana wa pikseli 720. Picha ya karatasi ya bei ilikuwa MB 3.6. Kilichobaki kilikuwa plagini, yaani viprogramu vya nyongeza, na maandishi ya mapambo.

Kwa mtandao wa kilobiti 400 kwa sekunde, na siku nyingi vijijini haufiki hapo, MB 18.4 zinahitaji zaidi ya dakika sita kushuka. Seva yenyewe ilijibu ndani ya sekunde moja kila nilipoijaribu. Kulipia kubwa kungekuwa kupanua ghala wakati kibovu ni barabara.

Palikuwa na jambo jingine ambalo nisingelijua nisingekaa barazani. Wanachama kadhaa wanatumia Opera Mini ili kuokoa bando. Katika hali yake ya kubana sana, kivinjari hiki hufungulia ukurasa kwenye seva zake chenyewe, kikaubana, kikamtumia mtu matokeo. Vitu vinavyojiendesha vyenyewe kwa JavaScript, lugha ya programu ya kurasa za tovuti, kama zile picha za kupishana, havifanyi kazi humo kama kawaida. Kwenye simu zao sehemu ya juu ilikuwa boksi la kijivu.

Tulichoamua

Kwanza, bei iandikwe kwa maandishi, kwenye jedwali la mistari michache, juu kabisa ya ukurasa. Hapa tulibishana, na karani alikuwa na hoja ambayo sikuitegemea. "Watu hawaamini maandishi. Maandishi hata mimi naweza kuandika. Wanaamini muhuri." Alisema kweli. Picha ya karatasi ilikuwa ushahidi, na mimi nilikuwa naiona kama mzigo tu. Tukakubaliana: jedwali linakaa juu, na chini yake panakuwa na kiungo kinachosema "Tazama karatasi yenye muhuri" pamoja na uzito wake kwa KB, ili mtu aamue mwenyewe kama bando lake linatosha.

Kupunguza picha hiyo hakukuhitaji programu mpya. Karani tayari anajua WhatsApp. Anajitumia picha kwa njia ya kawaida, si kama dokumenti wala kwa ubora wa juu, halafu anaihifadhi ile iliyotumwa. WhatsApp huwa imeshaibana. Zilitoka picha za KB mia na kitu hadi mia mbili, muhuri na saini vinasomeka bila shida.

Pili, picha za kupishana tuliziondoa zote. Mwenyekiti aliumia kidogo, kwa sababu moja ilikuwa ya ghala lao jipya. Hiyo tukaibakiza peke yake, chini ya jedwali, baada ya kuipunguza hadi upana wa pikseli 1080. Ikawa KB 118.

Tatu, karani aweze kubadili bei kwa simu yake. Umeme ukikatika saa ya mnada, na hukatika, kompyuta ya ofisini ni meza tu. Tulifanya mazoezi naye kwa programu ya WordPress ya simu mpaka akaweza kubadili jedwali lote akiwa amesimama mzanini.

Nne, niliongeza kache. Simu ikishapakua picha ya ghala mara moja, nilifikiri, haina sababu ya kuipakua tena kesho. Nikafungua faili la .htaccess, lenye maagizo kwa seva, nikaandika mstari huu:

Header set Cache-Control "max-age=604800"

Namba hiyo ni sekunde za siku saba.

Ukurasa mzima ukashuka hadi KB 160 hivi. Kwa mtandao ule ule wa kilobiti 400, ni sekunde tatu na ushei, na jedwali linatangulia picha. Kamati haikulipia seva kubwa.

Mnada wa kwanza

Ulikuwa Ijumaa. Bei iliwekwa jioni ile ile na watu waliiona. Simu ya karani ilipumua. Sina zaidi ya kusema hapo.

Mnada wa pili

Ijumaa iliyofuata bei ilishuka kuliko ya juma lililotangulia. Karani alibadili jedwali kwa simu, akaiona bei mpya, akaenda zake kulala.

Jumamosi asubuhi mzee mmoja aliingia ofisini na simu imeshikwa mbele kama tochi. Watu kumi hivi walikuwa wamepanga foleni. Hakusalimia. "Bei mliyoandika huku ni hii. Kwenye ubao wenu hapo mmeandika nyingine. Tofauti inakwenda kwa nani?"

Karani alitoa simu yake: bei mpya. Kijana mmoja wa foleni akafungua yake: bei mpya. Mzee akaonyesha yake tena: bei ya zamani, tena iliyo juu zaidi, kwenye tovuti hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Wengine wawili wakafungua zao wakakuta kama ya mzee. Foleni ikagawanyika.

Nilikuwa pale kwa sababu ya kazi nyingine. Nikasema, "Shikamoo mzee, naomba simu kidogo." Akanipa. Niliujua ugonjwa papo hapo, nikafanya jambo baya kuliko yote niliyofanya katika kazi ile: nikauvuta ukurasa chini kwa kidole ili ujipakie upya, mbele ya macho yake na ya wote. Bei ikabadilika, ikashuka.

Pakawa kimya. Kisha mzee akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umeibadilisha sasa hivi. Nimekuona."

Hakuna maelezo ya kache yanayoweza kushindana na jambo ambalo mtu ameliona kwa macho yake. Mwenyekiti ndiye aliyeokoa asubuhi ile. Alileta karatasi za minada yote miwili zenye muhuri wa chama kikuu, akazibandika ubaoni sambamba, akasoma tarehe na bei ya kila moja kwa sauti, akamwomba mzee azisome pia. Mzee alisoma. Aliondoka bila kutukana, na bila kusema ameridhika.

Kilichokuwa kimetokea

Mstari wangu haukuchagua. Nilikusudia picha zikae kwenye simu siku saba, lakini niliuandika bila kuubana kwenye aina ya faili, basi ukashika kila kitu, na ukurasa wenye bei ukiwemo. Mzee alikuwa amefungua tovuti Jumatatu ili aone makato. Simu yake iliambiwa: ukurasa huu ni mzuri mpaka Jumatatu ijayo, usiulize tena. Haikuuliza. Alipoingia kwa kiungo kile kile Jumamosi, ilimtolea nakala ya Jumatatu kutoka kwenye hifadhi yake bila kugusa mtandao. Aliyefungua kwa mara ya kwanza, au aliyeuvuta ukurasa ujipakie upya, aliona bei mpya. Karani aliona mpya kwa sababu aliitazama ndani ya programu ya WordPress aliyoibadilishia, si kwa kiungo cha wanachama.

Kwa nini sikuligundua kabla? Kwa sababu ya ile alama ya kuzima kache niliyoweka siku ya kupima. Inafaa sana ukitaka kujua uzito, na niliiacha hivyo hivyo muda wote wa kazi. Kila nilipojaribu nilikuwa kama mgeni anayefika kwa mara ya kwanza. Mwanachama wa kawaida si mgeni, anarudi kila baada ya siku chache. Sikuwahi kujaribu kurudi.

Jambo lililoniuma zaidi usiku ule ni kwamba hakuna namna ya kuirudisha nakala iliyokwisha kuingia kwenye simu ya mtu. Unaweza kusahihisha seva kwa dakika moja, lakini simu iliyoambiwa isiulize haitakuja kusikia kwamba umesahihisha.

Marekebisho

Mstari ule niliubana ushike picha na mafaili ya mwonekano tu. Kwa kurasa zenyewe niliweka no-cache, amri ambayo jina lake linapotosha wengi: maana yake si kwamba simu isitunze, ni kwamba iulize seva kwanza kabla ya kuonyesha ilichotunza. Ukurasa wetu ni mwepesi, hata ukija mzima kila mara haumli mtu bando.

Kwa zile simu zilizokwisha kushika bei ya zamani, dawa ilikuwa anwani mpya. Kache hutunza kwa anwani. Ukimpa mtu anwani ambayo simu yake haijawahi kuiona, lazima iende mtandaoni. Tukaunda ukurasa wa mnada wa pili kwa anwani yake, kiungo kikatumwa kwenye grupu la WhatsApp la wanachama, na karani akakiandika kwa chaki ubaoni.

Hapo ndipo tulipoona jambo kubwa kuliko kache. Karani alikuwa anafuta bei ya zamani na kuandika mpya mahali pale pale, kama mwalimu na ubao, na tovuti haikuwa na kumbukumbu yoyote ya mnada wa kwanza. Ndiyo maana mzee hakuwa na njia ya kujua anachoona ni cha lini, na sisi hatukuwa na njia ya kumwonyesha humo humo ndani ya simu. Ukurasa wa bei ni daftari. Tokea siku ile kila mnada una ukurasa wake usiofutwa. Ukurasa wa mwanzo unaorodhesha minada yote, wa karibuni juu, na mstari wa kwanza wa kila jedwali ni namba ya mnada na tarehe yake kwa herufi kubwa kuliko za bei. Sharti la tarehe kuipita bei kwa ukubwa lilitoka kwa karani.

Kwa kupita tu: katika shughuli hizi tuligundua pia kwamba jina la tovuti lilisajiliwa kwa barua pepe ya fundi wa kwanza, si ya chama. Tulilihamisha kwa amani. Chama chochote kinachosoma haya kiangalie lake leo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kukaa barazani. F12 ilinipa namba, lakini yule mama ndiye aliyenionyesha bei iko chini ya mkorosho usiokwisha kushuka, na bila baraza nisingejua habari ya Opera Mini. Kupima kabla ya kulipa kuliiokolea kamati pesa, na nadhani ndicho kilichonipa heshima iliyonivusha Jumamosi ile.

Hoja ya muhuri nayo naipa uzito mkubwa. Ningeshinda mabishano yale, karatasi isingekuwepo kwenye tovuti, na karani angekwisha kuacha zoea la kuitunza. Nilichokiita mzigo ndicho alichokibandika mwenyekiti ubaoni.

Kilichoshindwa hakikuwa mstari wa kache peke yake. Niliweka badiliko lisilohitajika. Tovuti ilikuwa imeshapona kwa kupunguza picha, kutoka MB 18.4 hadi KB 160, na ile KB 118 iliyobaki haikuwa ikimwumiza mtu. Niliongeza kache kwa sababu ndivyo nilivyozoea, na ndivyo orodha nyingi za kuharakisha tovuti zinavyoshauri. Mashauri yale ni sahihi kwa picha na ni sahihi kwa ukurasa usiobadilika. Sikujiuliza swali dogo: mtu akiona hiki kikiwa kimechakaa, atadhurika vipi? Nembo iliyochakaa haimdhuru mtu. Bei iliyochakaa inamfanya mzee aamini ameibiwa, na anayeamini chama kinamwibia ndiye anayemfungulia mlango mnunuzi wa kangomba.

Na kile kidole kilichovuta ukurasa chini. Nimelifikiria mara nyingi. Ningeanza na kumwomba mzee apige skrinishoti ya alichonacho, tukaandika naye saa na tarehe, kisha nikamwomba avute mwenyewe kwa kidole chake, mambo yangekwenda vingine. Ushahidi ulikuwa wake, kwenye simu yake, nami nikaufuta mbele yake. Siku hizi mtu akinionyesha kosa kwenye simu yake, siishiki. Namwomba aishike yeye na aniambie anachoona.

Jaribio nililoongeza kwenye kazi zangu zote ni hili, na halichukui hata dakika kumi: fungua ukurasa kwenye simu ya kawaida, isiyoingizwa nywila, ufunge, badilisha kitu kwenye tovuti, kisha ingia tena kwa kiungo kile kile, bila kuvuta chini. Ukiona cha zamani, na wao watakiona.

Mzee alirudi mnada wa nne na mjukuu wake. Sikuwepo, karani ndiye aliyenisimulia. Mjukuu alifungua orodha ya minada, mzee akatoa stakabadhi zake mfukoni, wakazilinganisha mnada mmoja baada ya mwingine, tarehe kwa tarehe, karani akingoja. Kisha akauliza pesa za mnada wa tatu zinaingia lini.

Wenye kitochi bado hatujawafikia. Ujumbe mfupi kwa wanachama wote una gharama ambayo kamati haijaipitisha, na mpaka sasa karani anawasomea bei kwa simu, mmoja mmoja, kutoka kwenye ukurasa ule ule.